AJALI YA BETRI INA KINGA

Upo msemo mmoja ambao umekuwa kichaka cha kujifichia kila mzembe. Chumba cha ofisi kikiteketea, au fundi akipigwa na umeme juu ya nguzo, watu hukusanyika, hutikisa vichwa, na mmoja wao husema: "Ajali haina kinga." Baada ya maneno hayo hakuna anayeulizwa. Aliyeufunga mtambo haulizwi, aliyetia saini kuupokea haulizwi, na aliyekuwa akiuwasha na kuuzima kila siku bila ya kujua anachokifanya, naye pia haulizwi.

Katika jambo la umeme wa betri, msemo huu ni uongo mtupu. Ajali ya betri na inveta ina kinga. Kinga hiyo inajulikana, inatengenezwa viwandani, inauzwa madukani, na wala haihitaji elimu ya chuo kikuu kuitumia. Kinachokosekana ni watumishi wenye kuidai kabla ya kutia saini, na wenye kuitumia baada ya kutia saini.

Jambo hili linakihusu kisiwa cha Pemba kwa namna ya pekee. Kwa miaka mingi Pemba ilipata umeme kwa mashine za dizeli. Mwaka 2010 ikaunganishwa na Gridi ya Taifa kwa waya wa volti 33,000 uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, masafa ya zaidi ya kilomita 70, kwa msaada wa Serikali ya Norway. Hiyo ilikuwa hatua kubwa ya maendeleo, na hakuna mwenye akili timamu anayeweza kuibeza. Lakini umeme unaotoka mbali huja na hitilafu za mbali. Unguja ilionja uchungu huo kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ilipokaa gizani kwa miezi mitatu baada ya kuharibika njia ya umeme wa kutoka Bara. Kwa hiyo si ajabu kwamba mtumishi wa leo, awe Unguja au Pemba, hutafuta betri, paneli ya jua na inveta, ili mwanafunzi asome usiku na chanjo isiharibike katika friji ya kituo cha afya.

Hakuna ubaya katika kutafuta umeme huo. Ubaya umo katika kuupokea kwa mazoea ya zamani.

MAZOEA YA REDIO

Zamani betri katika nyumba nyingi ilikuwa ni ya redio. Baadaye, Televisheni ya Zanzibar ilipoanza katika miaka ya 1970, betri ya gari iliyowekwa chini ya meza iliweza kuendesha televisheni ndogo. Waya mwembamba ulitosha, na kuzima kulikuwa ni kuchomoa. Kazi ile ilihitaji ampea chache tu. Watu wakazoea kuamini kwamba betri ni kitu cha upole, kwamba volti 12 haziui, na kwamba hata mtoto anaweza kuishika bila ya kudhurika.

Ni kweli kwamba volti 12 hazimrushi mtu. Lakini mwenye kuishia hapo hajaelewa chombo alichokileta nyumbani. Inveta ya wati 1,000 inapofanya kazi kwa nguvu zake zote huvuta katika betri ya volti 12 ampea zaidi ya 80, na ukihesabiwa umeme unaopotea ndani ya inveta yenyewe, hukaribia 100. Kazi hiyo hiyo kwa umeme wa nyumbani wa volti 230 huhitaji ampea kati ya nne na tano. Swichi ya ukutani iliyotengenezwa kwa ampea 10, ikiwekwa katika njia ya betri, hubebeshwa mzigo unaokaribia mara kumi ya uwezo wake. Itapata moto, plastiki yake itayeyuka, vyuma vyake vya ndani vitashikana, na siku itakapobonyezwa ili izime, haitazima.

Kuna na jambo la pili, ambalo wengi hawalijui kabisa. Umeme wa nyumbani ni mkondo geu: katika kila sekunde moja hushuka hadi sifuri mara 100. Swichi inapozimwa, cheche inayoruka baina ya vyuma viwili hupata nafasi ya kufa. Umeme wa betri na wa paneli ni mkondo mnyoofu, ambao haushuki hadi sifuri mpaka ukatwe. Cheche yake, hasa katika mitambo ya volti 48 na katika nyaya za paneli ambazo mara nyingi hupita volti 100, huweza kugeuka ulimi wa moto ukaendelea kuwaka ndani ya swichi. Ndiyo maana swichi na breka za mkondo mnyoofu hutengenezwa kwa namna ya peke yake, na huandikwa juu yake volti na ampea zinazoweza kukatwa. Fundi anayechukua breka ya kawaida ya nyumbani akaifunga kwenye betri za ofisi kwa hoja kwamba "zote ni breka" amefunga kiberiti ukutani, na mtumishi aliyempokelea kazi hiyo ni mshirika wake.

Jambo la tatu ni betri yenyewe. Betri ya risasi na asidi, vichwa vyake viwili vikiguswa kwa pamoja na spana au na pete ya kidoleni, huweza kutoa mamia ya ampea na hata kupindukia elfu kwa muda mfupi. Chuma hicho hugeuka moto na huondoka na nyama ya kidole. Inapochajiwa, betri hiyo hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ikifikia asilimia 4 ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Hata hivyo wapo wanaozifungia betri katika kabati lisilopitisha hewa, wakaweka na swichi humo humo, wakafunga kwa kufuli, na wakajiona wamezihifadhi.

Kinga ya haya yote ni nyepesi kuieleza. Baina ya betri na inveta, karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri, pawekwe fyuzi itakayokatika kabla ya waya kuungua. Baada ya fyuzi pawekwe swichi ya mkondo mnyoofu yenye uwezo wa kuubeba na kuukata mzigo wote. Waya uwe mnene kwa kadiri ya ampea, na mfupi kwa kadiri iwezekanavyo. Chumba kipitishe hewa. Gharama ya fyuzi na swichi hiyo ni sehemu ndogo ya bei ya betri zinazolindwa. Ofisi iliyopata fedha za kununua betri ikasema haina fedha za kununua fyuzi, haikupanga matumizi yake sawasawa.

NGUZO YA TIBIRINZI

Na ichukuliwe kwa mfano nyumba ya mtumishi mmoja pale Tibirinzi, katika mji wa Chake Chake. Umeme umekatika baada ya magharibi, mvua inanyesha. Mwenye nyumba anayo inveta, lakini hana swichi ya kubadilishia, ile ambayo mafundi huiita chenjiova. Anachukua waya wenye plagi pande zote mbili, anachomeka upande mmoja katika inveta na upande wa pili katika soketi ya ukutani. Taa za nyumba nzima zinawaka na watoto wanashangilia. Lakini baba yao amesahau kuzima meni swichi, au hakuwahi kuambiwa kwamba ni lazima aizime.

Umeme haujui mpaka wa nyumba. Utatoka katika soketi, utapita katika mita na utapanda nguzo. Ukifika kwenye transfoma utapita kinyumenyume. Transfoma iliyowekwa ili kuziteremsha volti 11,000 au 33,000 ziwe 400 na 230, sasa huzipandisha zile 230 zirejee kuwa maelfu. Na juu ya nguzo, mitaa miwili mbele, yuko fundi wa Shirika la Umeme aliyekwisha kuikata laini kule inakotoka, naye anaamini kwamba waya ulio mbele yake umekufa. Mtu huyu ana mke na watoto. Ametoka nyumbani kwake usiku wa mvua ili Tibirinzi ipate taa, na Tibirinzi inamlipa kwa kumpelekea mauti kupitia waya wenye plagi mbili.

Wako watakaosema kwamba inveta ndogo haina nguvu ya kuulisha mtaa mzima, na kwamba itazidiwa na kujizima yenyewe. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Nyumba zote za mtaa zikiwa zimeunganika na laini, huenda kweli inveta ikazidiwa. Lakini waya ukiwa umekatika hapo karibu na nyumba, hakuna tena mtaa wa kulishwa. Kimebaki kipande cha waya kinachoning'inia, na hicho hakiishindi inveta yoyote. Mwili wa binadamu nao hauhitaji ampea 80. Sehemu ya kumi ya ampea moja ikipita kifuani yatosha kuuvuruga moyo ukashindwa kusukuma damu. Tena, umeme wa Shirika ukirejea ghafla wakati inveta ingali inasukuma wake, nguvu mbili zisizokwenda pamoja hukutana ndani ya kisanduku kimoja. Kisanduku hicho huungua, na huenda kikaungua pamoja na nyumba.

Chenjiova huyamaliza mambo haya. Mkono wake una mahali patatu tu pa kukaa: umeme wa Shirika, au hakuna umeme, au umeme wa inveta. Haiwezekani uwe pawili kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba akiwa amechoka, akiwa na usingizi, au akiwa hayupo na mwanawe ndiye anayewasha, chombo chenyewe humkatalia kosa. Huko ndiko kuwalinda watu kunakostahiki jina hilo, kwa sababu hakutegemei kila mtu akumbuke kila kitu kila siku.

SAINI YA MTUMISHI

Makosa ya majumbani yana angalau udhuru wa kutokujua. Katika majengo ya umma udhuru huo haukubaliki. Huko mtambo huletwa, kitambaa hukatwa, hotuba husomwa na picha hupigwa. Mwalimu mkuu au mkuu wa kituo huletewa hati ya makabidhiano, hutia saini, na wageni huondoka. Kitabu cha maelekezo hubaki ndani ya boksi lake, kimeandikwa kwa Kiingereza ambacho mlinzi wa usiku hakisomi, na pengine kwa lugha ambayo hata mwalimu mkuu haijui. Hakuna aliyeonyeshwa kipi kizimwe kwanza. Siku moshi unapoanza kutoka, mlinzi hukimbilia ndoo ya maji, mwalimu hukimbilia simu, na swichi inabaki pale ukutani haina mtu anayeitambua.

Na utaratibu wenyewe ni mfupi. Wakati wa kuzima, kwanza huzimwa vyombo: friji, pampu, kompyuta na feni. Kisha huzimwa inveta kwa kitufe chake. Mwisho huzimwa swichi kubwa ya betri, ambayo kwa wakati huo haina mzigo na haina cheche ya kutisha. Wakati wa kuwasha hufuatwa njia hiyo hiyo kwa kurudi: swichi ya betri, kisha inveta, kisha vyombo kimoja baada ya kingine. Anayeung'oa waya wa betri wakati pampu inanguruma ameufanya mkono wake kuwa swichi. Na ikibidi betri zitengwe na kidhibiti chaji, paneli hukatwa kwanza, kwa kuwa jua halizimwi kwa kitufe, na vidhibiti vingi huharibika vikiachwa na paneli bila ya betri.

Aidha, inveta iliyozimwa haijafa papo hapo. Ndani yake zimo kapasita zinazoushika umeme hata baada ya swichi kuzimwa. Fundi mwenye adabu ya kazi yake husubiri muda uliotajwa na kiwanda, ambao aghalabu ni dakika kadhaa, kisha hupima kwa mita kabla ya kugusa. Kapasita hizo hizo, zikiwa tupu, huunywa umeme kwa pupa mara betri inapounganishwa. Hiyo ndiyo asili ya ile cheche kali ambayo wengine huichekea na kuiona kuwa ni dalili ya betri nzuri. Katika mitambo mikubwa huwekwa kizuizi cha kuzijaza polepole kabla ya swichi kubwa kuwashwa, na asiyejua kama mtambo wake unacho kizuizi hicho hana haki ya kuugusa.

Hapa wengine watasema kwamba haya ni mambo ya mafundi, na kwamba mwalimu ana kazi ya kusomesha. Hakuna anayemtaka mwalimu afungue inveta na kutengeneza matumbo yake. Dereva hatakiwi kujua kuichonga breki, lakini dereva asiyejua breki iko wapi hapewi gari lenye abiria. Ofisi yenye betri ina abiria pia: wanafunzi, wagonjwa, na wananchi wanaokuja kupata huduma.

Wengine watasema kwamba wananchi wa kawaida hawana elimu ya kuelewa mambo haya. Hiyo ni kasumba, na imekwisha kukanushwa hapa hapa Zanzibar. Wanawake wa vijijini wa Visiwani, baadhi yao wasiopata nafasi ya kusoma skuli, walipelekwa katika Chuo cha Barefoot kilichoko Tilonia, katika jimbo la Rajasthan nchini India, wakafundishwa kufunga na kutengeneza umeme wa jua. Baadaye mafunzo hayo yakaletwa Kinyasini, Unguja. Walifundishwa kwa rangi, kwa kuonyeshwa na kwa kurudia kwa mikono yao mpaka wakajua. Wakarudi vijijini kwao wakawa mafundi. Ikiwa bibi asiyejua kusoma amejua waya upi utangulie na upi ufuate, mtumishi mwenye shahada iliyotundikwa ukutani ana hoja gani?

Walimu wana deni kubwa zaidi. Mwalimu wa fizikia huandika ubaoni kwamba wati ni volti mara ampea, na mwanafunzi huikariri kanuni hiyo, hujibu mtihani na hupata alama zote. Kisha hurudi nyumbani akaona kwamba fyuzi iliyokatika imefungwa kipande cha waya wa shaba, naye hasemi neno, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kanuni ile ya ubaoni ndiyo hiyo iliyoko ukutani kwao. Agawe wati 1,000 kwa volti 12, aone ni ampea ngapi, kisha aende akasome kilichoandikwa juu ya swichi ya nyumbani kwao. Somo moja la namna hiyo litaokoa nyumba nyingi kuliko kurasa kumi za kunakili.

YANAYOTAKIWA

Mambo yanayotakiwa ni machache na yako ndani ya uwezo. Kwanza, asitie saini mtumishi yeyote kupokea mtambo wa betri mpaka ameonyeshwa fyuzi, swichi ya mkondo mnyoofu na chenjiova, na mpaka yeye mwenyewe ameuzima na kuuwasha mbele ya aliyeufunga. Pili, utaratibu wa kuzima na kuwasha uandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na ubandikwe karibu na swichi, pamoja na alama za rangi kwa asiyesoma. Lugha inayotosha kuendeshea Baraza la Wawakilishi inatosha kuelezea swichi.

Tatu, katika kila skuli, ofisi na kituo wawepo watu wasiopungua wawili waliofundishwa, na mlinzi wa usiku awe mmojawapo, kwa kuwa moto hausubiri saa za kazi. Nne, waya wenye plagi pande mbili upigwe marufuku katika kila jengo la umma na katika kila nyumba ya Serikali, na atakayeonekana nao aonywe kama anavyoonywa mwenye kuacha jiko la mafuta likiwaka chini ya dari ya makuti. Tano, Shirika la Umeme lijue ni nyumba na ofisi zipi zina inveta zilizounganishwa na nyaya za jengo, ili fundi anayepanda nguzo ajue anapanda wapi. Na yeye fundi asiache kupima waya na kuufunga kwenye ardhi kabla ya kuushika, maana mwenzake wa chini anaweza kusahau.

Hakuna katika hayo jambo linalohitaji mgeni wa kutoka ng'ambo. Yanahitaji mtumishi mmoja mwenye ujasiri wa kuirudisha kalamu mezani na kusema: "Sitii saini mpaka nionyeshwe." Atachukiwa siku hiyo. Ataambiwa anachelewesha maendeleo na anawaudhi wafadhili. Na achukiwe. Mtambo unaocheleweshwa wiki moja kwa ajili ya fyuzi utawasha taa kwa miaka, na mtambo unaopokelewa kwa makofi bila ya fyuzi unaweza kuondoka na jengo.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kila mwenye betri chini ya mamlaka yake, awe mwalimu mkuu, karani, daktari au sheha, na aende leo akatazame, bila ya kugusa, iwapo ipo fyuzi, iwapo ipo swichi, na iwapo jina lake limeandikwa juu yake. Kama havipo, amwite fundi kabla ya mvua za masika. Akishindwa kufanya hivyo, na siku moja moto ukawaka au fundi akaanguka kutoka kwenye nguzo ya Tibirinzi, asisimame mbele ya wafiwa kuwaambia kwamba ajali haina kinga. Kinga ilikuwepo dukani, naye hakuinunua.